Mkate Ambao Hakuna Aliyeutaja

Mwendesha mashtaka alitaka jina kabla ya saa kumi, na jina pekee lililokuwa mezani kwake lilikuwa la Ragna Tveit.

"Kapika yeye, kapakua yeye, na vitambaa vya macho kafunga yeye," alisema kwenye simu. "Unataka nini zaidi, Gunnvor? Akutumie kadi ya mwaliko?"

"Nataka kujua sumu iliingia na nini."

"Iliingia na chakula. Saa kumi namfungulia mashtaka ya kujaribu kuua. Ukipata kingine kabla ya hapo, namba yangu unayo."

Inspekta Gunnvor Hatlestad alirudisha simu mfukoni, akapanda ngazi za mbao hadi ghorofani, juu ya duka la majani ya chai karibu na bandari ya zamani ya Bergen. Mvua ilikuwa inanyesha kama ilivyonyesha jana na juzi, na hapakuwa na mtu aliyeitaja.

Chumba kile kilikuwa cha watu watatu waliojiita Chama cha Ulimi. Kila mwezi mmoja wao alitafuta vyakula na vinywaji kutoka pembe zote za dunia, akawafunga wenzake vitambaa machoni, akawalisha kijiko baada ya kijiko. Kazi yao ilikuwa kutaja hiki ni nini na kimetoka wapi. Mchezo wa watu wazima wasio na shida, Gunnvor alisema siku ya kwanza, na mpaka leo alikuwa hajabadili neno. Jumamosi mchana Halvard Vedvik, bingwa wao asiyeshindika, alianguka kutoka kitini na kijiko mkononi. Madaktari walikuta damuni mwake dawa ya moyo nyingi kupita kiasi, ilhali moyo wake haujawahi kuumwa. Leo Jumatatu alikuwa bado hajazinduka.

Ragna aliletwa kutoka mahabusu. Alikuwa mwanamke mpana mwenye mikono ya mpishi, na mgahawa wake mdogo mtaa wa pili ulikuwa umezungushiwa utepe wa polisi tangu Jumamosi. Alikaa mbele ya meza tupu kama mtu anayesubiri bili.

"Anza mwanzo," Gunnvor alisema.

"Nimeshaanza mwanzo mpaka nimechoka, Inspekta."

"Basi unaujua. Anza."

"Kwanza asali ya Wahispania. Halafu maziwa ya farasi yaliyochachuka, ya Wakirgizi. Halafu ubuyu."

"Ndiyo nini?"

"Mbegu nyekundu zenye sukari na uchachu, unamung'unya. Sigvart akasema ni za Moroko. Halvard akamcheka, akasema hizi ni za Zanzibar, na aliyezipika kazidisha rangi. Akiwa amefungwa macho." Ragna alitaka kutabasamu, akaghairi. "Kisha pilipili ya Sichuan. Kisha kinywaji cha mizizi cha Waitaliano. Kisha kahawa ya Yemen, na hapo ndipo alipoanguka."

"Hiyo pilipili inafanya nini?"

"Inatia ganzi ulimi."

"Na hicho cha Waitaliano?"

"Kichungu."

"Umemtia mtu ganzi ulimini, kisha ukampa kitu kichungu, ambacho hata ukikitilia dawa haijulikani. Ungekuwa wewe ndiye polisi ungefikiri nini?"

"Ningefikiri nimfunge Ragna Tveit," alisema Ragna. "Lakini ni mchezo. Lazima uwachanganye, la sivyo Halvard anamaliza kabla hujakaa."

Gunnvor hakumwamini, ila tatizo lake halikuwa Ragna. Tatizo lilikuwa maabara. Glasi zote zilipimwa zikakutwa safi, na vijiko, na sufuria, na hata mabaki ya ndoo ya taka. Tena daktari alikuwa amemwambia asubuhi ile kwamba dawa ya namna hiyo haimwangushi mtu papo hapo. Inataka saa nzima na ushei. Halvard alianguka mchezo ukiwa bado mchanga. Sumu aliingia nayo tumboni kabla hajafungwa kitambaa.

"Alifika mapema?"

"Alifika kabla ya Sigvart. Alinisaidia kupanga viti."

"Ukampa kahawa."

"Sikumpa kitu. Kabla ya mchezo hali kitu, na kahawa hagusi, anasema vinamharibia ulimi."

Gunnvor alitembea hadi dirishani. Kwenye kabati kulikuwa na sahani yenye bonge la jibini la kahawia, lile tamu la kila nyumba, nalo lilikuwa limepimwa na kukutwa halina kitu. Lilikuwa limekwaruliwa katikati tu hadi likabonyea, pande mbili zimesimama.

"Nani asiye na adabu aliyelichimba jibini hivi?"

Safari hii Ragna alicheka kweli. "Halvard. Huyo usimwachie jibini. Dunia nzima anaijua kwa ulimi, jibini kulikata sawa hawezi. Anatengeneza mteremko wa kuchezea theluji. Kila asubuhi nalisawazisha, na kila..."

Gunnvor alimwacha aisikie sauti yake mwenyewe.

"Kila asubuhi," Gunnvor alisema mwishowe. "Mchezo ni mara moja kwa mwezi, tena mchana."

Ragna alitazama mikono yake.

"Mficha uchi hazai, Ragna. Umelala mahabusu na jambo kama hili kifuani?"

"Ningesema ingenisaidia nini? Mngesema nilitaka kumwua kwa sababu hataki kumwacha mkewe."

"Hataki?"

"Alikuwa amwambie jana. Jumapili, wakitoka kanisani. Aliniahidi."

"Mkewe alikuwa anajua?"

"Halvard anasema hajui." Ragna aliinua uso. "Lakini Halvard huyo huyo anasema hakuna mtu anayemwona anapoingia kwangu, na mimi nakaa mbele ya kituo cha basi."

Chini dukani Sigvart Dyngeland alikuwa anawasubiri, amekalia kasha la chai. Alikuwa mpishi wa meli aliyestaafu, mwembamba, mwenye mdomo usiopumzika, na tangu chama kianzishwe alikuwa mtu wa pili baada ya Halvard. Gunnvor alimshuku kwa sababu mbili: hiyo moja, na ya pili ilikuwa mfukoni mwake.

"Unameza dawa ya moyo, bwana Sigvart."

"Nameza, bibie. Ukinitazama hivyo itabidi nimeze nyingine." Alitoa kikasha chake chenye vyumba vya siku za wiki. Kila kidonge kilikuwa mahali pake, na duka la dawa lilikuwa limeshathibitisha hesabu hiyo kwa simu. "Halvard ananishinda tangu tuna nywele. Ningetaka kumwua ningemwua zamani, wakati ushindi una maana."

"Alikula nini kabla ya mchezo?"

"Hakula kitu."

"Una hakika?"

"Mama, mimi na yeye tunafahamiana kama soksi na kiatu. Kabla ya mchezo Halvard hali."

Ni jibu lile lile. Ragna alisema hali, Sigvart alisema hali, na mkewe, Borghild Vedvik, Jumamosi jioni katika korido ya hospitali alisema hali, kisha akaongeza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauguzi kwamba mumewe akifa, kafa kwa makorokoro ya kigeni ya yule mwanamke wa mgahawa. Watu watatu wasiopendana walikuwa wanasema neno moja, na jambo hilo lilimkera Gunnvor kuliko uongo.

Alirudi kwenye gari. Konstebo Oddvar alikuwa kwenye usukani, vioo vimeingia ukungu, anakula. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, mpole, asiyechelewa kazini wala kwenye chakula cha mchana. Gunnvor alifungua mkoba akatoa kifurushi chake naye: vipande viwili vya mkate mweusi, jibini juu, karatasi laini katikati ili visigandane. Walikula wakitazama mvua. Oddvar alipomaliza aliipangusa karatasi yake kwa kiganja, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati ili imfae kesho.

"Usinicheke, afande. Karatasi ni karatasi. Hata Vedvik anakunja kama mimi."

Gunnvor aliacha kutafuna. "Vedvik kakunja nini?"

"Karatasi ya mkate. Si ilikuwa kwenye koti lake la mvua."

"Niliona vitu vya mfukoni mwake. Funguo, glovu, tiketi ya basi. Sikuona karatasi."

"Kwa sababu haikuwa kitu, afande. Ilikuwa karatasi ya mkate tu. Niliitupa pamoja na..." Oddvar alianza kusikia anachokisema. "Nilikuwa nimetoka kula. Nikaitupa na takataka zangu, pale kituoni."

"Na taka za kituo?"

"Zimechukuliwa leo alfajiri."

Gunnvor alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto. Alitaka kumtukana, akatazama kipande cha mkate mkononi mwake mwenyewe, tusi likamkwama. Siku tatu alikuwa anauliza watu Halvard alikula nini, naye kila siku, katikati ya maswali hayo, alifungua kifurushi kama hiki akakimaliza bila kukitazama. Nani katika nchi hii angekitaja? Ukimwuliza mtu chakula atakutajia kondoo wa sikukuu, samaki wa Jumapili, pilipili ya Wachina. Mkate wa kifurushi watu huula tangu darasa la kwanza mpaka kustaafu, lakini hakuna anayeuhesabu.

Alimpigia Sigvart.

"Jumamosi Halvard alikuja na kifurushi cha mkate?"

"Kifurushi? Labda. Huwa anakila kituo cha basi akija."

"Mbona ulisema hakula kitu?"

"Uliuliza chakula, bibie."

"Jumamosi hii ulikiona?"

"Hapo umenishika. Nani anaangalia kifurushi cha mwenzake?"

Ragna, aliyekuwa bado ghorofani na askari wake, alitoa jibu lile lile kwa maneno mengine. Labda. Pengine. Hajui. Gunnvor alitazama saa ya gari: saa nane ilikuwa imepita. Karatasi haipo, shahidi hayupo. Wakati huohuo hospitali wakapiga simu kwamba Vedvik ameanza kufumbua macho.

"Nenda wewe," alimwambia Oddvar. "Kaa kando ya kitanda. Akiweza kusema, mwulize alikula nini Jumamosi, kisha unyamaze. Usimtajie mkate. Ukimtia neno mdomoni, wakili atalitoa na meno yake."

"Na wewe, afande?"

"Mimi naenda kunywa kahawa kwa mkewe."

Nyumba ya Vedvik ilikuwa ya mbao nyeupe, juu mlimani, mahali ambapo ngazi ni nyingi kuliko barabara. Borghild alifungua mlango kabla hajagonga. Alikuwa mwanamke mdogo, nadhifu, mwenye mvi zilizobanwa bila unywele mmoja nje. Gunnvor alivua viatu, akamfuata jikoni. Karibu na dirisha kulikuwa na kiti cha magurudumu kilichofunikwa shuka.

"Cha mama," Borghild alisema. "Moyo ulimchukua masika. Bado sijapata wa kumpa. Keti, mwenzangu. Nimechoma waffle."

Aliweka mezani keki zake bapa za waffle zenye vishimo, kahawa, bakuli la jamu ya njano na jibini la kahawia lenye kikatio chake. Gunnvor alishika kikombe akapasha mikono moto. Hakunywa.

"Wamekupigia hospitali?"

"Wamenipigia. Nitakwenda jioni." Alisema bila kuharakisha. "Na huyo mwanamke? Mmeshamfungulia mashtaka?"

"Saa kumi. Nina jambo dogo tu. Jumamosi Halvard alitoka hapa na kifurushi cha mkate?"

"Hapana."

"Unakumbuka vizuri."

"Siku ya mchezo hachukui kitu."

"Leo nimewauliza watu wawili swali hilo," Gunnvor alisema. "Wote wamesema hawajui, kwani nani anaangalia kifurushi cha mtu. Wewe peke yako ndiye unayejua."

"Mimi ni mkewe."

"Ndiyo. Konstebo wangu aliona karatasi ya mkate kwenye koti lake."

"Ya Ijumaa, basi. Anazikunja anaziweka, mpaka koti linanuka." Borghild alimsogezea sahani. "Huli. Zitapoa."

"Anajitengenezea mwenyewe?"

"Ana mikono. Jumamosi nililala mpaka saa tatu."

Gunnvor aliinama kidogo akalitazama jibini. Lilikuwa limekatwa bapa, sawa kutoka ukingo hadi ukingo, ungeweza kuweka kikombe juu yake kisitikisike.

"Jibini lenu limenyooka."

"Katika nyumba hii hatuchimbi jibini."

"Halvard anachimba."

Borghild alikuwa anamimina kahawa. Hakuimwaga, ila aliacha kumimina.

"Nani kakwambia?"

"Mtu ambaye hulisawazisha baada yake. Asubuhi."

Birika lilirudi juu ya jiko polepole. Borghild alikaa, akafuta meza ambayo haikuwa na kitu. Gunnvor alijua wakati huo kwamba Borghild anajua habari za Ragna, na kwamba alijua zamani, na kwamba kuchagua Jumamosi ya zamu ya Ragna hakukuwa bahati mbaya. Alijua pia kwamba hana kitu cha kumwonyesha hakimu isipokuwa bonge la jibini.

"Mimi pia hulisawazisha," Borghild alisema. "Sikujua tuko wawili. Kuna kosa katika hilo?"

"Hakuna."

Simu iliita. Ilikuwa robo kabla ya saa kumi. Gunnvor alisikiliza, akasema "Rudia," akasikiliza tena, akauliza kama ana hakika. Sauti ya Oddvar ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Gunnvor alizima simu, akaiweka kando ya sahani.

"Amekufa?" Borghild aliuliza.

"Amezinduka. Anaongea vizuri." Gunnvor alisimama. "Konstebo amemwuliza mara mbili alikula nini Jumamosi. Anasema kabla ya mchezo hakula kitu chochote. Basi maneno yake na yako ni mamoja. Samahani kwa usumbufu, Bi Borghild."

Ilimwuma kusema hivyo. Shahidi pekee aliyebaki alikuwa ameufunga mlango mwenyewe, na mjini kalamu ya mwendesha mashtaka ilikuwa tayari juu ya jina la Ragna. Alichukua koti lake kwenye kiti.

"Amesema hivyo yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Na mchezoni amesema alikula nini?"

"Sidhani kama..."

"Niambie. Ni mume wangu."

Gunnvor alitaja alivyosimuliwa. "Asali ya Kihispania, ya maua ya mlimani, amesema nyuki walikuwa karibu na miti ya lozi. Maziwa ya farasi, ya kiangazi. Mbegu za Zanzibar. Pilipili ya Sichuan, ya mavuno ya mwaka jana. Kinywaji cha mizizi. Na kahawa ya Yemen, iliyokaushwa juu ya paa."

"Juu ya paa," Borghild alisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Anatoka kwenye kufa, na anakumbuka kahawa ilikaushwa wapi." Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. "Mkate hakuutaja?"

Gunnvor alilirudisha koti kitini polepole, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

"Hakuutaja."

"Hata kusema alikula kipande njiani? Hata kusema sikumbuki?"

"Amesema hakula kitu."

Borghild alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia.

"Alikula," alisema. "Vipande viwili. Vyote, maana karatasi ilikunjwa. Niliamka saa kumi na mbili nikauoka mkate upya, sikutaka wa jana. Vidonge vilikuwa vya mama. Nilivisaga nikaviweka chini ya jibini, na jamu juu ya jibini, kwa sababu nilivionja na ncha ya ulimi nikaona ni vichungu mno." Sauti yake haikupanda. "Nikajiambia, huyu ni mtu anayejua nyuki walitua mti gani. Akiuma mara moja tu atajua. Atarudi hapa na mkate mkononi aniulize, Borghild, umeweka nini humu? Nami ningemwambia. Yote ningemwambia, na ya yule mwanamke pia, tungemalizana hapa hapa jikoni. Nilimpa nafasi hiyo, Inspekta. Nilikaa hapo dirishani nikaitazama ile njia mpaka basi likaondoka."

Gunnvor alikuwa ameshatoa kalamu. Mkono wa pili ulikuwa unatafuta namba ya mwendesha mashtaka.

"Miaka yote ya ndoa nampa mkate," Borghild alisema. "Sijawahi kusikia una ladha gani."

Simu ilipokelewa upande wa pili. "Fungua mlango wa mahabusu," Gunnvor alisema. "Nitakueleza nikifika." Akakata.

Borghild alikuwa ameinuka, anafunika waffle kwa kitambaa zisipoe, kisha akakumbuka kwamba hakuna wa kuzila, akakiondoa.

"Utaandika?"

"Ndiyo, nitaandika."

"Andika kwamba jamu ni ya matunda ya kinamasi. Niliyachuma mwenyewe huko juu, Septemba, na mgongo huu." Alisogeza bakuli mbele ya Gunnvor. "Si ya dukani. Hilo uliandike vizuri."

Gunnvor alikaa tena kwenye kiti, akaliandika.